Koni, inzi na joto: mbona sprusi za kaskazini hazizai kila mwaka

Haya jamani karibuni, walio nyuma sogeeni mbele kidogo maana koo langu leo halinitendei haki.

Leo twende mbali, kaskazini ya Kanada na Alaska, pale miti inapoishia. Sisi mpaka wa miti tunaujua wa mlimani, unapanda Kilimanjaro unafika mahali msitu umekwisha, vichaka, alafu mawe. Kule hupandi popote, unaenda tu kaskazini, miti inapungua, inakuwa mifupi, imepinda, alafu basi, mbele ni tundra, nyanda za baridi zisizo na miti. Kwa makadirio ni pale ambapo wastani wa joto la Julai unashuka chini ya nyuzi 10.

Sasa mtu anasema, si dunia inapata joto, basi miti itasogea kaskazini yenyewe. Hapo ndo nataka tubishane. Mti hauna miguu bana, unasogea kwa mbegu, na mbegu kule ni kasheshe.

Chukua sprusi nyeupe, mti wa nchi za baridi, ndugu wa msonobari. Koni zake, yaani yale matunda ya magamba kama ya msonobari, zinaanza kama matumba kiangazi cha mwaka uliotangulia, na kiangazi kikiwa cha joto na kikavu ndo matumba ya koni yanakuwa mengi. Mwaka unaofuata chavua inapeperushwa mwishoni mwa Mei au Juni, alafu mbegu ina kama miezi miwili mitatu tu iive kabla baridi haijarudi, ikichelewa kiinitete, yaani kile kimche kilichomo ndani ya mbegu, hakikomai. Na pale mpakani miti iko mmoja mmoja, chavua inaangukia mti uleule uliyoitoa, unapata mbegu pepe. Kama mpunga pepe tu, ganda zima ndani hamna kitu.

Na hiyo kidogo iliyobaki ina mwenyewe. Kuna inzi wa koni, kundi lake wataalamu wanaliita Strobilomyia, huyu anajua ratiba kuliko mimi na nyie. Koni ikifungua magamba kupokea chavua, siku chache tu, anaingiza yai humo. Buu likitoka linazunguka mhimili wa koni kama mtu anayepanda ngazi za mnara, linakula mbegu njia nzima, alafu kiangazi hichohicho linashuka chini kujificha kwenye majani yaliyooza. Kuna nondo wake pia, mabuu yake yanalala humohumo ndani ya koni msimu wa baridi.

Mti unajiteteaje? Unagoma. Miaka kadhaa hauzai au unazaa koni za kuhesabu, inzi wanakufa njaa, alafu mwaka mmoja miti ya eneo zima inamwaga koni kwa pamoja, walaji wachache waliobaki wanashindwa kuzimaliza. Lakini inzi naye si mjinga, wengine wanalala ardhini miaka miwili au zaidi kabla ya kuwa inzi kamili, wakisubiri mwaka wa neema!

Kwa iyo joto linafanya mambo mawili kwa mpigo, linaleta koni na linachangamsha wadudu. Kule Kenai, Alaska, miaka ya 1990 mbawakawa wa magome, wadudu wanaotoboa magome ya miti, waliokuwa wanahitaji miaka miwili kukamilisha kizazi wakaanza kumaliza kwa mmoja, zaidi ya ekari milioni 1 za sprusi zikaguswa, na wanapenda miti mikubwa, ndo hiyohiyo inayozaa koni nyingi. Mimi nikisikia "msitu utasogea" nauliza kwanza, mbegu nzima ziko ngapi?

Ndiyo dada, uliza. ... Ah, swali zuri, kama mbegu hamna mbona miti ipo? Sprusi nyeusi hasa ina ujanja wake, kitawi cha chini kinalala ardhini, theluji inakikandamiza, majani yanakifunika, kinaota mizizi kinakuwa mti. Unaweza kukuta kichaka kizima kumbe ni mti mmoja umejikopi. Ila unajikopi palepale, hatua chache kutoka kwa mama yake, kaskazini haufiki.