Tunamjengea buibui wa Usambara nyumba

Habari za huko nyumbani, na karibuni tena. Leo hapa mezani pana boksi tupu la akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo), mfuko wa udongo, tofali la makumbi na vipande vya gome. Tunamjengea nyumba tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, ambaye watu wa Tanga wanaweza kumkuta porini bila kutoa hata senti: Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya machungwa. Huku Ujerumani wafugaji wanaiita rangi hiyo “Usambara”, kwa jina la milima yetu, na kwenye maonyesho ya wafugaji mjini Hamm, yanayofanyika mara nne kwa mwaka, unamkuta kapangwa mezani ndani ya vikopo vya plastiki kama pilipili sokoni. Wanaouzwa wengi wamezaliwa huku huku. Kwa hiyo jamaa zangu wa Lushoto na Muheza, msianze kuchimbua mashimo mkidhani nimewafungulia soko.

Jueni kwanza mwenye nyumba ni nani. Mkubwa akinyoosha miguu anafika sentimita 12 hivi, wengine wanazidi. Ana mbio za kutisha. Hana zile nywele za kuwasha ambazo tarantula wengi wa Amerika humpukutishia adui, basi tegemeo lake ni meno, na aking’ata unapata maumivu makali na misuli kukaza, pengine kwa siku kadhaa. Tena hafumi utando kidogo kidogo. Anafunika kila kitu. Hapo ndipo penye siri ya pambo lote: wewe weka nguzo, utando ataufuma mwenyewe.

Boksi letu lina urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 20. Kanuni ya buibui wa kuishi ardhini ni hii: kutoka juu ya udongo hadi kwenye mfuniko pasizidi mara moja na nusu ya upana wake akiwa amenyoosha miguu. Tumbo lake ni laini. Akipanda kioo akaachia, linaweza kupasuka, na likipasuka hakuna tiba ya maana. Boksi zuri refu lenye udongo wa vidole viwili chini ni mtego tu.

Chagua akriliki ya milimita 4 au 5. Ya milimita 3 ni rahisi, lakini ndani kukiwa na unyevu na nje pakavu, mfuniko unajikunja na pembe zinainuka. Huyu buibui upenyo ukitosha kupitisha kichwa-kifua chake, mwili wote unapita, kwa sababu tumbo linabonyea. Komeo liwepo, tena liwe la kufunga kweli, si la kuegesha.

Sasa matundu ya hewa. Tunatoboa kwa drili ya milimita 3: safu mbili za matundu 12 upande mmoja, juu kidogo tu ya usawa wa udongo, na safu mbili upande wa pili, karibu na mfuniko. Hewa ya uvuguvugu inapanda na kutokea juu, mpya inaingia chini. Ukitoboa juu peke yake, hewa ya chini inalala na ukungu unaanza. Bandika utepe wa karatasi mahali pa kutoboa, weka kibao nyuma yake, drili iende polepole. Ukiharakisha, akriliki inayeyuka na kunata kwenye ncha, halafu unasikia “kra!” na boksi limepasuka. Wavu wa chuma, ule wa kwenye vifuniko vya maboksi ya mijusi, mimi siutaki hata kuuona. Kucha za buibui hunasa kwenye vijitundu vyake, ananing’inia, anaishia kupoteza mguu. Wa plastiki nao anautafuna na kutoka.

Udongo. Tunahitaji kina cha sentimita 10, maana yake lita 6, ila ukishindilia unapungua, kwa hiyo andaa lita 8: lita 5 za udongo wa juu usio na mbolea wala dawa, lita 2 na nusu za makumbi, na nusu lita ya mchanga. Tofali la makumbi la gramu 650 lilowekwe kwenye lita 4 za maji ya moto. Linaumuka hadi kama lita 8, basi linalobaki likaushe uliweke. Ndiyo, ni makumbi yale yale ya minazi ya Pwani, huku yanaletwa yamekandamizwa kutoka Sri Lanka na India. Makumbi matupu hayafai kwa mchimbaji: yakikauka yanakuwa vumbi, na shimo linaporomoka. Udongo ndio unaoshika. Kamata ngumi ya mchanganyiko, uminye: ushikamane, na maji yasitoke. Mimina kwa tabaka za sentimita 3, kila tabaka ulishindilie kwa kipande cha ubao. Kisha acha boksi wazi karibu wiki moja, juu pakauke kabisa. Huyu ni wa nchi kavu. Ukimweka kwenye matope atakaa juu ya ukuta akikukwepa.

Gome tunalotumia ni la ule mti wa vizibo vya chupa, zao la Ureno. Ni jepesi na halivundi upesi. Misonobari na mierezi acheni, utomvu na harufu yake si salama kwa wadudu. Tazameni ninavyoliweka hili lililojikunja kama mgongo wa kigae: ncha ya chini inaingia kwenye udongo hadi iguse sakafu ya boksi, ncha ya juu inaegemea pembe ya nyuma, mlalo wa nyuzi 45 hivi. Chini yake nachoma tundu kwa mpini wa mwiko, kina cha sentimita 5, likipakana na kioo. Ataliona, ataliendeleza, nawe utamchungulia kwa pembeni. Kama unataka jiwe, nalo likae juu ya sakafu kabla ya udongo. Jiwe lililowekwa juu ya udongo, buibui atachimba chini yake, nalo litamlalia.

Baada ya hapo ni vijiti: vinne au vitano, unene wa penseli, vimekatizana kati ya gome na kuta. Maua ya plastiki kata ncha zote za waya, yaloweke usiku kucha; maji yakibadilika rangi, tupa. Yagandishe kwenye gome kwa gundi ya moto. Ukitumia silikoni, iwe isiyo na dawa ya ukungu, na usimwingize buibui hadi harufu ya siki iishe kabisa. Mmea hai humu hapana, maana kuumwagilia ni kumlowesha mwenyeji. Na mkeka wa joto chini ya boksi usiweke: buibui akiona joto huchimba kwenda chini akilikimbia, na huku chini ndiko kwenye moto. Nyuzijoto 22 hadi 28 za chumba zinamtosha.

Kwa wenye Pelinobius muticus, yule mkubwa wa kahawia wa Kenya na Tanzania, sahau vijiti na maua. Yeye ni wa shimoni, mpe kina cha sentimita 30 za udongo ulioshindiliwa na wenye unyevu upande wa chini. Pambo lake ni shimo.

Mwisho ni kisahani cha maji. Kizibo cha chupa ya maziwa kinatosha, bila sponji, kwani sponji ni shamba la bakteria. Kiweke juu ya udongo kando ya ukuta, usawa wa chini ya yale matundu ya juu. Akishafuma utando mpaka mlangoni, kila ukifungua mfuniko unambomolea nyumba, naye atatoka kuuliza kulikoni. Chukua bomba la sindano lenye kijimpira chembamba, pitisha kwenye tundu, jaza maji kwa nje.