Kuokoa Maji na Kukosa Maji: Namna ya Kuliunda Swali la Utafiti

Ndugu wanafunzi, nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu hatua ambayo wengi huiruka kwa haraka ya kufika kwenye dodoso, nayo ni kuunda swali lenyewe la utafiti. Kwa kuwa wengi wenu mmechagua mada ya matumizi ya maji katika kaya wakati wa ukame, nitaanza na swali linaloletwa mara nyingi kuliko mengine: "Kaya zinawezaje kuhifadhi maji wakati wa ukame?"

Kasoro ya swali hili ni kwamba jibu lake linajulikana kabla utafiti haujaanza. Kila mtu anajua kuwa bomba linalovuja litengenezwe, kwamba maji ya kusuuzia nguo yanaweza kupigia deki, na kwamba hakuna haja ya choo cha kuvuta kumeza lita 13 pale ambapo lita 6 zinatosha. Hayo ni mawaidha, tena mazuri, lakini si utafiti. Jiulize, kabla hujatoka kwenda kukusanya data, ni matokeo gani yangekulazimisha ukiri kwamba dhana yako haikuwa sahihi. Ukiona hakuna, swali lako bado halijaiva.

Ugumu hasa wa mada hii umo katika ukame wenyewe. Ukame unapozidi, mamlaka za maji huanzisha mgao, hupunguza shinikizo katika mabomba, na pengine hupandisha bei. Tuseme kaya iliyokuwa ikitumia lita 400 kwa siku sasa inatumia 250. Je, imeokoa lita 150, au imezikosa tu? Kaya iliyojizuia ilhali bomba lina maji imeokoa, lakini ile iliyofungua bomba ikakuta kavu haikuokoa chochote, na mtafiti anayetazama dira ya maji, yaani mita, peke yake hana namna ya kuzitofautisha. Tena iko kaya ya tatu, ambayo dira yake inaonyesha upungufu kwa sababu imehamia kwenye maji ya kisima au ya gari la kuuza maji. Kwa maoni yangu, mwanafunzi asiyelitatua jambo hili katika swali lake hawezi kuliokoa kwa takwimu baadaye, hata akiwa hodari wa hesabu kiasi gani.

Mfano wa Cape Town unalionyesha jambo hili waziwazi. Mwanzoni mwa mwaka 2018, jiji hilo lilipokaribia kufunga mabomba ya majumbani, kikomo cha matumizi kilishushwa kutoka lita 87 hadi lita 50 kwa mtu kwa siku, kuanzia Februari 1, na matumizi yalipungua sana. Lakini katika kipindi hicho shinikizo la maji lilikuwa limepunguzwa, bei ilikuwa imepanda, waliozidisha matumizi walifungiwa vifaa vya kudhibiti maji, kampeni za kuokoa maji zilikuwa zimepamba moto, na wenye uwezo walichimba visima. Anayeuliza kama kampeni ilifaulu lazima aeleze kwanza atazitengaje sababu hizo nyingine.

Sasa tulijenge swali. Tukipata eneo lenye ukame ambako maji bado yanatoka kila siku, tunaweza kuuliza: "Je, kaya zinazosoma dira zao kila jioni na kuandika kiasi zilichotumia hupunguza matumizi ya maji kwa mtu, katika muda wa wiki sita, kuliko kaya zisizofanya hivyo?" Swali hili linaweza kujibiwa "hapana", na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Tumesema "kwa mtu" kwa sababu maji ya kupikia na ya kusafishia nyumba hutumiwa kwa pamoja, hivyo kaya kubwa kwa kawaida hutumia kidogo zaidi kwa kila mtu, na wageni wa wiki moja wanaweza kuvuruga hesabu yote. Tumeweka makundi mawili kwa sababu matumizi hubadilika pia kwa majira. California, ilipoagiza mwaka 2015 kwamba matumizi ya mijini yapunguzwe kwa asilimia 25, ililinganisha kila mwezi na mwezi uleule wa mwaka 2013. Mwanafunzi asiye na kumbukumbu za nyuma kiasi hicho atazigawa kaya kwa kura na kuyapima makundi yote katika wiki zilezile. Lile kundi la kulinganishia dira zake zisomwe mwanzoni na mwishoni tu, kwani mtu anayejua anapimwa kila siku hubadilika hata bila kuambiwa.

Kabla ya yote hayo, soma dira wakati kaya inakwenda kulala, kisha uisome tena kabla mtu yeyote hajafungua bomba asubuhi. Tarakimu zikiwa zimesogea ilhali hakuna aliyetumia maji, pana mvujo, na upungufu utakaouona baada ya fundi kupita usiuhesabu kuwa ni mabadiliko ya tabia.

Limebaki suala la kaya zisizo na bomba. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndizo zinazokidhi mahitaji ya msingi. Kaya inayoishi kwa lita 20 kwa mtu haina cha kubana, na kuiuliza inaokoaje maji ni kuikosea adabu. Huko swali libadilike: "Maji yanapopungua, ni matumizi gani hukatwa kwanza, na ni nani katika kaya anayeamua?" Hapo hutahitaji dira. Utahitaji daftari ambamo kila dumu linaloingia linaandikwa, pamoja na kazi iliyofanywa na maji yake na jina la aliyeyagawa.