Wakinong'ona Hatusikii, Wakilipua Jirani Anaamka

Habari za jioni, ndugu zangu. Karibuni mketi, na wale wa nyuma sogeeni mbele.

Kila nyumba yenye sabufa ina mtu mmoja ambaye kazi yake ni rimoti. Waigizaji wakinong'onezana, anapandisha. Gari likilipuka, anashusha haraka mtoto asiamke. Halafu anapandisha tena. Tunamlaumu aliyetengeneza filamu, na mimi leo nimekuja kumtetea: alifanya kazi yake vizuri, ila aliifanyia chumba kingine.

Ukumbi wa sinema hupimwa. Kila spika ya mbele husawazishwa kwa mlio wa majaribio ufike desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kisha juu yake huachwa desibeli 20 kwa ajili ya vishindo, yaani 105 kwa spika moja. Besi huruhusiwa 10 zaidi. Ndani ya ukumbi ule kimya ni kimya kweli, kwa hiyo mnong'ono unakufikia bila shida. Sebuleni kwetu kuna feni, bodaboda wanapita, na ukuta tunachangia na jirani. Mnong'ono unamezwa na feni, na hizo 105 nani atakuruhusu saa tano usiku?

Kuna jambo la pili, nalo linatuhusu sisi wa sabufa hasa. Filamu ya 5.1, yaani yenye sauti ya spika tano na boksi moja la besi, huweka karibu mazungumzo yote kwenye spika ya katikati. Sabufa ya kawaida ni boksi la besi na vispika viwili. Ya katikati haipo. Basi kifaa huigawa ile sauti ya katikati kushoto na kulia, kikiipunguza desibeli 3 kila upande. Hesabu hiyo ni sahihi. Tatizo ni kwamba mzungumzaji aliyekuwa na spika yake peke yake sasa anagombania kispika kimoja na muziki, matairi na mvua.

Ndiyo maana nasema kabla ya kupandisha sauti, shusha besi. Hapa vijana huwa wananuna. Lakini maneno tunayatofautisha kwa s, f, t na k, na hizo ni sauti za juu zenye nguvu kidogo sana. Ngurumo ya boksi huzifunika. Na kama boksi umelisukumia kwenye pembe ya chumba, livute nje. Pembe huongeza besi ambayo hukuiomba.

Dawa yenyewe ni kubana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Kwenye televisheni nyingi huitwa hali ya usiku. Anayetazama kwenye kompyuta kwa VLC atakuta kompresa, yaani kibanaji chenyewe, kwenye sehemu ya madoido ya sauti. Tuchukue mfano. Kwenye kipimo ambacho sifuri ndiyo sauti kubwa kabisa, mazungumzo yapo hasi 30, mlipuko hasi 4. Tofauti ni desibeli 26. Weka kizingiti, yaani pale ubanaji unapoanzia, hasi 20, na ubanaji nne kwa moja: kila desibeli nne zinazovuka zinaachiwa moja. Mazungumzo hayaguswi. Mlipuko umevuka kizingiti kwa 16, unaachiwa 4 tu, unabaki hasi 16. Sasa inua vyote kwa 10: mazungumzo hasi 20, mlipuko hasi 6. Tofauti imeshuka hadi 14, na rimoti inaweza kulala mezani.

Msizidishe. Ukibana mno, mlio wa mandharinyuma unapanda kila watu wakinyamaza, na filamu ya vita inakuchosha kama tangazo la redio lisiloisha. Binafsi sivuki nne kwa moja.

Mnaotazama filamu zilizotafsiriwa, za kina DJ Afro wanaosimulia filamu ikiendelea, mmewahi kukosa neno lake? Hamkosi, kwa sababu sauti ya filamu imewekwa chini yake. Ubora wa picha huweza kuwa wa kusikitisha, lakini kwenye hilo wametuzidi wenye vifaa vya mamilioni.

Mama pale ameuliza kama ni lazima anunue spika mpya. Si lazima, mama. Tazama kwanza menyu ya sauti ya filamu. Baadhi huja na sauti mbili, 5.1 na stirio. Chagua stirio, maana imeshachanganywa kwa spika mbili, kisha urudi kwenye kile kitufe cha besi.