Video ya Wimbo kwa Akili Mnemba: Anza na Picha Zako za Kigoma

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tunatengeneza video ya wimbo kwa akili mnemba, tangu picha ya kwanza hadi kuipandisha YouTube, na kazi yote tunaifanyia hapahapa Mwanga, Kigoma mjini. Wimbo ni wa kijana wetu wa huku, una dakika tatu, na ameshaniandikia kwamba wimbo wake na sura yake vitumike. Hilo lifanyeni kabla ya kugusa kitu chochote. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, ila uwepo. Na tafadhali, msiniletee picha ya msanii mkubwa mkitaka nimwimbishe wimbo wenu. Hiyo kazi siifanyi kwa bei yoyote.

Kufungua akaunti na kununua krediti, yaani salio la kulipia klipu, mnajua, twende mbele. Leo natumia Kling, programu ya kutengeneza video kwa akili mnemba, kwa sababu nimeizoea. Ukiwa na Runway, Luma au Veo, vitufe vitakaa mahali pengine lakini kazi ni ileile: unaipa picha au maneno, inakurudishia klipu. Klipu yenyewe ni fupi, mara nyingi sekunde 5, 8 au 10 kutegemea programu, kwa hiyo video ya wimbo inajengwa kipande kwa kipande.

Sasa kabla ya lolote nataka muone kitu. Hapa nimeandika maneno matupu bila picha: wavuvi asubuhi, Ziwa Tanganyika, Kigoma, Tanzania. Nimeandika kwa Kiingereza chepesi maana programu nyingi zinakielewa vizuri zaidi. Tazameni ilichoniletea. Mawimbi ya bahari yanapasuka mchangani. Minazi, wakati huku kwetu ni michikichi. Jahazi lenye tanga la pembetatu, la Unguja kabisa. Na pale nyuma, ngojeni nirudishe kidogo... mnamwona? Twiga! Twiga amekuja kununua dagaa Kibirizi, kwenye mwalo wetu wa wavuvi, jamani.

Tucheke, lakini tuelewe sababu. Programu imejifunza kwa picha na video zilizokwisha kupigwa. Ukitaja Tanzania inachota kule kulikopigwa picha nyingi, mbugani na pwani. Kigoma tumo kidogo mno. Ndiyo maana nawasihi, na nitalirudia: usianze na maneno, anza na picha uliyoipiga mwenyewe. Ukiipa picha ya Kibirizi, haina pa kumweka twiga. Itachezesha kile kilichomo.

Hizi hapa nimezipiga kwa simu. Mitumbwi imepangwa Kibirizi kabla watu hawajajaa. Stesheni ya reli, lile jengo la Wajerumani, reli ilipofika mwisho mwaka 1914. Michikichi mlimani. Barabara ya Ujiji yenye miembe. Wale mlio mbali mnaotaka mandhari ya huku, picha za kuanzia ninazo na nauza kwa seti. Lakini uliye Kigoma na una simu, usininunulie, nenda kapige zako. Laza simu, kwa sababu tunataka picha pana ya YouTube. Ukipiga ukiwa umeisimamisha simu, kisha ukataka video pana, programu itabuni pembeni yenyewe, na ikibuni tumerudi kwa twiga.

Picha ya msanii ina masharti yake. Uso utazame mbele, mwanga uwe laini, mdomo ufungwe. Asishike maiki mbele ya mdomo, hata kama anaipenda sana ile picha ya maiki, maana baadaye tutaimbisha mdomo huu na programu lazima iuone wote. Mikono iwe chini au nje ya picha. Vidole bado vinazisumbua programu hizi.

Na nguo. Hapa kina dada nisikilizeni. Kanga ni nzuri, lakini kanga ina jina, na programu haijui kusoma. Kitambaa kikianza kucheza, herufi zinayeyuka zinakuwa maandishi ya lugha isiyokuwepo duniani. Mswahili akiona kanga, macho yanakwenda kwenye jina kwanza. Akikuta mchanganyiko ule, wimbo ameshausahau. Vaa kitenge. Vitenge vya Kongo hapa havikosekani, vina rangi kali, na maua yakibadilika kidogo hakuna atakayejua. Jina la mtumbwi nalo ni hivyohivyo: piga ubavu usio na maandishi.

Haya, hesabu. Muulize prodyuza wako kasi ya wimbo. Huu wa leo ni mapigo 96 kwa dakika. Gawa 60 kwa 96, pigo moja ni sekunde 0.625. Mapigo manne, yaani mzunguko mmoja, ni sekunde 2.5. Mizunguko miwili ni sekunde 5 kamili, na klipu yetu ni sekunde 5. Raha iliyoje! Wimbo wa dakika tatu una mizunguko 72. Ukikata picha kila mzunguko utahitaji vipande 72, lakini usikate hivyo mwanzo hadi mwisho, utawachosha watu. Mimi kwenye beti naiacha klipu itembee sekunde zote 5, kwenye kiitikio ndiyo nakata kila 2.5. Wimbo wako ukiwa na kasi nyingine, piga hesabu hiyohiyo.

Tuingize picha ya kwanza, mitumbwi ya Kibirizi. Maelezo yawe mafupi, usiieleze picha iliyokwisha kuonekana. Eleza kinachotembea: mtumbwi unayumba polepole, maji matulivu, kamera inasogea mbele taratibu. Basi. Tendo moja, mwendo mmoja wa kamera. Ukimwambia mtu avute wavu, ageuke, acheke, kisha kamera imzunguke, sekunde 5 hazitoshi na utapata mtu mwenye viungo vya ajabu.

Inapika. Tungoje.

Imekuja. Hebu... ngojeni, naona dirisha lote limeingia kwenye kioo, hamwoni kitu. Nivute pazia. Sasa je? Vizuri. Mtumbwi unayumba, maji ni ya ziwa, milima ya Kongo ipo ng'ambo palepale. Safi sana hii, nimeipenda. Lakini simama hapo. Mtazameni mzee aliyekaa mwisho wa mtumbwi, mkono wa kushoto. Mnaona kasia lilivyopita katikati ya kiganja? Narudisha tena. Limeingia huku, likatokea kule. Hii haina marekebisho, tunaitupa, hata kama vingine vyote vimekaa. Kwenye picha ya kuanzia mtafute mtu aliyetulia, asiyeshika kitu, turudie.

Kutupa klipu ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2024 mwongozaji Paul Trillo alipotengeneza video ya wimbo wa msanii Washed Out kwa Sora, programu ya OpenAI, alizalisha klipu kama 700 akatumia 55. Na huyo alipewa programu kabla haijafunguliwa kwa umma. Kwa hiyo kwenye bajeti ya krediti usihesabu klipu unazozihitaji, hesabu na zitakazotupwa. Mjaribu picha yako kwanza kwenye ubora wa chini, ukipata mwendo unaoutaka ndipo ulipie ubora wa juu.

Sasa usiku wa dagaa, ninaoupenda kuliko yote. Taa za wavuvi ziwani, mstari mrefu wa nukta za mwanga juu ya maji meusi. Giza linaficha vidole na makasia, kwa hiyo klipu nyingi za usiku zinafaa. Programu hizi lakini zina tamaa ya mbalamwezi. Ukisema usiku ziwani, zinakutundikia mwezi mpevu angani. Andika wazi usiku wa giza, bila mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti kama kawaida na wavuvi wengi wanakaa nyumbani. Mtu wa Kibirizi akiona taa zote zile chini ya mwezi mpevu atajua hujawahi kushuka ufukweni.

Na jua pia. Kwetu jua linachwea ziwani, upande wa Kongo, na linachomoza nyuma yetu milimani. Usikubali klipu ya asubuhi ambayo jua linatoka majini. Ile ni Dar es Salaam, siyo Kigoma.

Ukiona klipu nzuri ukataka iendelee, unaweza kuchukua fremu yake ya mwisho, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ukaifanya picha ya kuanzia klipu inayofuata. Mara moja. Usiendelee mara ya tatu na ya nne, kwa sababu kila zamu rangi inazidi kukolea na uso unazidi kuwa wa mtu mwingine. Rudi kwenye picha halisi ya msanii kila unapoweza.

Sasa tumefika kwenye midomo. Acheni mnachofanya, wekeni chai chini. Sehemu hii ndiyo inayoharibu video za watu wengi, hata wenye klipu nzuri.

Mwombe prodyuza sauti peke yake, bila biti. Ukiingiza wimbo wenye ngoma, mdomo utafuata ngoma. Sauti hiyo iwe na urefu sawa na wimbo wote, ianze sifuri ilipoanzia biti. Kisha unakata sekunde 5 unazozihitaji. Mimi nataka kiitikio, kinaanza sekunde ya 40, kwa hiyo nakata kuanzia 40 mpaka 45. Msikilizeni kijana: haanzi kuimba sekunde ya 40 yenyewe, kuna kaukimya kadogo halafu ndiyo anaingia. Ukimya huo usiukate! Vidole vitawawasha, mtaona nafasi tupu mwanzoni mtataka kuisafisha. Usiukate. Ukiukata, programu inaanza kumwimbisha mara moja, na ukirudisha klipu kwenye sekunde ya 40 mdomo unatangulia sauti kwa kiasi kilekile ulichokata. Hifadhi faili kwa jina la sekunde, hili naliita 40, ili kesho usiulize lilitoka wapi.

Ingiza klipu ya msanii, fungua sehemu ya kulinganisha midomo, weka sauti, bonyeza. Hiyo nyepesi.

Imerudi. Twende CapCut, programu ya kuhariri video. Kwanza kabisa mradi uwe fremu 24 kwa sekunde, maana klipu zangu zimetoka 24. Weka wimbo wote chini, weka klipu sekunde ya 40. Usiinyamazishe sauti ya klipu bado. Cheza zote mbili pamoja. Mnasikia? Kuna mwangwi, sauti mbili zinafukuzana. Maana yake hazijakaa. Sogeza klipu fremu moja kushoto. Bado. Nyingine. Fremu moja ni kama sekunde 0.04, ndogo, lakini sikio linaidai. Nyingine tena... hapo! Sauti mbili zimekuwa moja. Sasa ndiyo unainyamazisha klipu, unaacha wimbo. Mwangwi ukikataa kuisha hata ukisogeza, rudi kwenye faili lako la sauti, uone kama hukukata ule ukimya. Nimesema mara ngapi? Basi nasema tena, usiukate.

Midomo isizidi theluthi ya video. Huo ni msimamo wangu. Uso unaoimba muda wote unachosha, na ukikaa sana kwenye kioo mtazamaji anaanza kuukagua meno. Onyesha anavyoingia kiitikio, kisha tupeleke Kibirizi, stesheni, kwenye taa za usiku, halafu turudi kwake. Na changanya klipu halisi ulizopiga kwa simu. Hapa nimeweka miguu yake halisi ikitembea relini, na hapa moshi halisi wa jikoni. Vipande vichache vya kweli vinaisaidia video nzima kuaminika.

Kupanga klipu zilizobaki kwenye mapigo naruka, mmeshaijua hesabu. Rangi: punguza ukolezi kidogo kwenye klipu za akili mnemba, huwa zinang'aa kupita picha za simu, mpaka zifanane. Ongeza chembechembe kidogo, kama za filamu za zamani, juu ya zote, zinaziunganisha.

Toa video kwa ubora wa 1080, fremu 24. Tunapandisha. YouTube tangu Machi 2024 inakuuliza kama maudhui yanayoonekana halisi yametengenezwa au kubadilishwa kwa programu. Jibu ndiyo. Sura ya kijana ni yake lakini hakuimba mbele ya kamera, kwa hiyo ndiyo. Kwenye maelezo andika mwimbaji, prodyuza, aliyepiga picha na programu uliyotumia. Picha ya jalada chagua ile halisi, ile ya Kibirizi kabla ya kuchezeshwa, na jina la wimbo liandike wewe mwenyewe kwenye CapCut, usiiachie programu iandike.

Ukitaka ya TikTok, usiikate hii pembeni, utamkata msanii bega. Rudi kwenye picha zako, simamisha simu, piga upya kwa wima, na kiitikio kimoja kinatosha. Bonyeza chapisha. Kiungo cha wimbo wa kijana nimekiweka hapo chini, msikilizeni mpaka beti la pili, ndiko alikoimba vizuri zaidi.