X-Trail T32 Iliyotumika: Giaboksi Kwanza, Rangi Baadaye

REHEMA: Karibuni. Leo tunaichambua Nissan X-Trail T32, umbo lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2013. Familia nyingi zinaitaka kwa sababu ya nafasi, na nyingine zina viti vya safu ya tatu. Kaka Baraka, mnunuzi amefika yadi hapa Dar es Salaam. Aanze na nini?

BARAKA: Aguse boneti. Ikiwa ya moto, amwambie muuzaji atarudi kesho asubuhi na gari lisiwashwe kabla hajafika. Kelele ya mnyororo wa taimingi hutoka sekunde zile za kwanza, injini ikiwa baridi. Halafu hii injini ya MR20DD hunyunyizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa haziogeshwi na mafuta. Masizi yanaganda pale, na asubuhi injini inatetemeka. Ikishapata moto, inaweza kutulia.

REHEMA: Ila kinachomaliza pesa za watu siyo injini.

BARAKA: Ni giaboksi ya CVT, dada, ile ya otomatiki isiyo na gia za kupanda hatua kwa hatua. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili kwa nguvu ya oili. Oili ikichakaa, au mtu akiweka ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, badala ya NS-3, oili ya Nissan ya CVT, mkanda unateleza, puli zinachubuka, na unga wa chuma unasambaa hadi kwenye valvu bodi, sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi. Ikifika hapo, kubadilisha oili hakuponyi kitu.

REHEMA: Tuwape jaribio lenyewe.

BARAKA: Kanyaga breki, weka D, kisha R. Gari lishike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kugonga. Baada ya hapo endesha nusu saa nzima. Kuzunguka mtaa mmoja hakutoshi, maana CVT mbovu huanza kujisema ikipata joto. Washa AC, ingia kwenye foleni, kisha tafuta mwinuko. Ukiwa kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, kanyaga mafuta kidogo kidogo. Gari likitikisika kana kwamba linapita kwenye rasta na lami ni laini, liache. Mshale wa RPM, yaani kasi ya mzunguko wa injini, ukipanda na mwendo hauongezeki, liache vilevile, hata bei ikishushwa.

REHEMA: Na wale wanaokuja na kifaa cha Bluetooth cha kusoma hitilafu za gari?

BARAKA: Mara nyingi kinasoma injini tu. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia kwenye kompyuta ya giaboksi. Kodi za hitilafu P17F0 na P17F1 zinahusu mtikisiko wa CVT. Taa ya onyo kwenye dashibodi isipowaka usitulie, kodi hufutwa kwa dakika moja. Pima kabla ya kuendesha, na upime tena mkirudi.

REHEMA: Kuhusu kilomita, dai cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani. Huwa kinaonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa kule. Gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Mita ikisoma chini ya cheti, imerudishwa nyuma. Na karatasi ya mnada ikiwa na daraja R au RA, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa.

BARAKA: Vuta na mkanda wa kiti hadi mwisho. Alama ya matope huko ndani ni dalili ya mafuriko.

REHEMA: Matairi je?

BARAKA: Kwa yenye 4WD, inayoendeshwa na magurudumu yote manne, chasisi inayoanza na NT32, matairi yote manne yawe saizi moja na yamelika sawasawa. Yakitofautiana, kapulingi ya nyuma, inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, inafanya kazi muda wote na kuchemka.

REHEMA: Limefaulu yote, amelipa. Wiki ya kwanza?

BARAKA: Oili ya CVT, NS-3. Kumwaga mara moja hutoa karibu nusu tu, iliyobaki inakaa ndani. Mwaga, jaza, endesha siku chache, kisha rudia. Baada ya hapo, kwa joto na foleni za Dar, mimi nisingevuka kilomita 40,000 bila kuibadilisha tena.

REHEMA: Na dumu la oili lifunguliwe mbele yako.