Sweta la Kwanza: Fumua Kwanza, Ndipo Ufume

UPENDO: Kamwene, wasikilizaji. Hapa Njombe Julai hii asubuhi vidole vinakataa hata kufunga kifungo. Dada Tumaini, ulinituma mtumbani nikatafute sweta la kufumua, ili uzi wake nimfumie mtoto sweta jipya. Nimelileta.

TUMAINI: Hebu lipindue tuone ndani. Enhe, ubavu huu umeunganishwa kwa uzi mmoja, ukikata fundo unavutika wote. Lingekuwa limeshonwa kwa ovaloki, ile mashine inayozungushia nyuzi ukingoni, ningekurudisha sokoni. Ovaloki maana yake kitambaa kilikatwa kwa mkasi, kwa hiyo ukifumua unabaki na vipande vipande.

UPENDO: Nimelipata elfu tatu.

TUMAINI: La mtu mzima hili, la mtoto linatoka na uzi unabaki. Ila usianzie kwenye pindo la chini, litakugomea. Masweta mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu, basi kufumua unaanzia juu, pale mfumaji alipomalizia. Vuta taratibu, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti.

UPENDO: Nilijaribu kufumua mkono mmoja wa sweta jana. Uzi umetoka umejikunja kama tambi!

TUMAINI: Ndivyo unavyotoka. Ufunge sehemu nne usije ukavurugika, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, utundike kwenye kamba na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka umenyooka. Maji ya moto hapana. Sufu ikiungua na maji hujishika ikasinyaa, na hairudi tena.

UPENDO: Na sindano? Sisi utotoni tulifumia spoku za baiskeli, tunazinoa kwenye jiwe.

TUMAINI: Hata mimi nilijifunzia hizo, naziheshimu. Lakini spoku ina unene wa milimita 2 hivi. Uzi huu unataka milimita 4, la sivyo sweta litakuwa gumu kama mkeka. Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kabla ya sweta, fuma sampuli.

UPENDO: Mimi nilitaka nianze leo leo.

TUMAINI: Najua. Sweta la kwanza la mwanangu nilianza hivyo hivyo, kwa haraka ya mapenzi. Wiki tatu, kila usiku. Nilipomvika, mabega yalimfika kwenye viwiko. Nikafumua lote huku machozi yananilenga. Kwa hiyo nakuomba: anza vitanzi 30, fuma mpaka upate kama sentimita 14 kwenda juu, ufue, uanike. Kisha weka rula katikati, siyo pembeni, maana pembeni vitanzi hujivuta. Hesabu vipo vingapi kwenye sentimita 10.

UPENDO: Tuseme 22.

TUMAINI: Kifua cha mtoto?

UPENDO: Sentimita 60.

TUMAINI: Ongeza 6 ili apate nafasi ya kuvaa shati ndani. 66. Nusu yake, 33, ndiyo upana wa mgongo. Kila sentimita ina vitanzi 2.2, zidisha.

UPENDO: 72 na kitu.

TUMAINI: Anza 74, kwa sababu kila upande kitanzi kimoja kitamezwa na mshono. Pindo fuma kwa sindano nyembamba kidogo, kitanzi kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma, hivyo hivyo kwa sentimita 5. Hapo ndipo panapovutika na kurudi, panabana kiuno baridi isipite. Ukimaliza pindo, hamia sindano ya milimita 4.

UPENDO: Sampuli nitaifuma usiku huu. Ila nina bonge jingine la uzi hapa, nataka tu mkono uzoee kuhesabu.

TUMAINI: Anza basi, nakuangalia. Usikaze hivyo, kitanzi kiteleze chenyewe kwenye sindano. Ehe.

UPENDO: ...71, 72, 73, 74.

TUMAINI: Hesabu tena, kwa kidole.

UPENDO: ...Ni 73.

TUMAINI: Ongeza kimoja.