Sura Nyingi, Injini Tatu: Mhadhara Kuhusu Vivinjari

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba mikono. Nani hapa anatumia Chrome? Haya, shusheni, maana mtachoka bure. Firefox? Miwili, mitatu. Safari? Wenye iPhone, nawaona. Edge, Opera, Brave? Vizuri. Sasa swali la mwisho: nani alikichagua kivinjari chake, yaani alikaa, akalinganisha, akaamua? Mikono imepotea. Wengi wetu tulikikuta kwenye simu, kama mpangaji anavyokikuta kitanda chumbani, tukalala.

Lakini kukitetea tunakitetea! Chako kizito, changu chepesi; chako kinakula kumbukumbu ya kompyuta, changu hakili. Hili la wepesi nitalipita mbio, kwa sababu siku hizi vivinjari vikubwa vimekaribiana mno kwa kasi. Ukurasa ukikawia kufunguka, aghalabu mkosaji ni ukurasa wenyewe uliosheheni matangazo, au mtandao wako.

La kula kumbukumbu lina ukweli zaidi, na lina sababu yake. Zamani ukurasa mmoja ukigoma, kivinjari kizima kilianguka, na barua uliyokuwa unaiandika kwenye kichupo cha pili, yaani ukurasa mwingine uliofunguliwa humohumo, ikaenda na maji. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilikuja na mpango wa kutenganisha vichupo, kila kimoja na mchakato wake, ili kimoja kikifa vingine vibaki hai. Kuta zile ndizo zinazokula kumbukumbu. Ndizo pia zinazouzuia ukurasa mchafu usichungulie ukurasa wa benki yako. Kwa hiyo mtu akiniambia Chrome ni mlafi, namkubalia, kisha namkumbusha kwamba Firefox nayo ilizijenga kuta hizo, kuanzia 2016. Huo ulafi ni bei ya usalama, na tunailipa wote.

Ninalotaka tulibishanie leo ni injini. Kila kivinjari kina sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora mbele ya macho yako. Vua nembo, vua rangi, vua vitufe, utakuta injini zenye nguvu zimebaki tatu tu duniani: Blink ya Google, WebKit ya Apple wenye Safari, na Gecko ya Mozilla wenye Firefox. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi, zote ni Blink. Opera ilikuwa na injini yake yenyewe, Presto, ikaiacha mwaka 2013. Microsoft, pamoja na fedha zake zote, ilinyoosha mikono: Edge mpya iliyotoka Januari 2020 imejengwa juu ya Chromium, mradi uleule unaoizaa Chrome. Kwenye iPhone kioja ni kingine. Kwa miaka mingi Apple ilikilazimisha kila kivinjari kitumie WebKit, hivyo Chrome ya iPhone ni Safari iliyoazima kanzu ya jirani. Umoja wa Ulaya uliibana Apple ilegeze mwaka 2024, tena ndani ya nchi za umoja huo tu.

Basi watu wawili wakigombana kwenye kompyuta, huyu Opera huyu Edge, wanagombania mabasi mawili ya kiwanda kimoja yaliyopakwa rangi tofauti. Viti vinatofautiana, sikatai.

Mtaniuliza, kuna ubaya gani? Mwaka jana nilikuwa najaza fomu kwenye tovuti moja, jina nalistiri. Nimefika ukurasa wa tatu, ukatokea ujumbe mwekundu: kivinjari chako hakifai. Mimi natumia Firefox. Nikafanya ujanja mdogo. Kila kivinjari kinapobisha hodi kwenye seva, yaani kompyuta inayoitunza tovuti, hutanguliza mstari wa kujitambulisha. Nikaubadilisha mstari huo tu, nikakiambia kivinjari changu kidai kuwa ni Chrome. Sikugusa kitu kingine. Fomu ikafunguka, nikaijaza yote, ikapokelewa. Kumbe kivinjari kilifaa tangu mwanzo. Aliyeijenga ile tovuti hakupima kinaweza nini, alitazama jina mlangoni.

Na ule mstari, wenzangu, ni kituko kizima. Wa Chrome unaanza na neno Mozilla. Mozilla imeingiaje humo? Miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape ndicho kilichojiita Mozilla, na kilipoanza kuonyesha kurasa zilizogawanywa kwa fremu, wajenzi wa tovuti wakaziagiza seva zao: mgeni akisema ni Mozilla, mpe ukurasa mzuri, mwingine mpe makombo. Internet Explorer ya Microsoft, iliyozaliwa 1995, ikajifunza haraka kusema: mimi pia Mozilla. Baadaye KHTML, injini ya kivinjari kiitwacho Konqueror, ikajitaja kuwa ni kama Gecko. WebKit ya Safari ikatokana na KHTML, ikarithi maneno hayo. Chrome ikaanzia kwenye WebKit, ikaongeza na jina la Safari. Edge ikaja nyuma ikabeba yote, pamoja na Chrome. Leo Edge ikibisha hodi inakariri nasaba ya ukoo ambao nusu yake si wake, na jina lake lenyewe linakuja mwisho kabisa, tena limekatwa herufi: Edg.

Wahenga walisema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru hapa ni sisi watumiaji. Netscape na Microsoft walipopigana, kila baada ya miezi michache tulipata kitu kipya. Internet Explorer ikashinda, kwa sababu kubwa kwamba ilikuja ndani ya Windows, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilishika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji. Kisha? Toleo la 6 lilitoka 2001. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2006. Miaka mitano! Panzi mmoja amebaki uwanjani, amelala, na kunguru anashinda njaa. Aliyemwamsha ni Firefox 1.0 ya Novemba 2004, iliyojengwa juu ya msimbo ambao Netscape iliuweka wazi mwaka 1998, ilipokuwa inazidiwa.

Leo Chrome peke yake ina takriban theluthi mbili ya watumiaji duniani. Nitende haki: Chrome hailali. Inasasishwa kila baada ya wiki chache na mianya ya usalama huzibwa upesi. Hofu yangu iko kwenye nani anaamua. Google huishi kwa matangazo. Ilipobadilisha kanuni za viendelezi, yaani programu ndogo zinazobandikwa kwenye kivinjari, vile vya kuzuia matangazo vilipunguziwa meno, na uBlock Origin, kipenzi cha wengi, haifanyi tena kazi kwenye Chrome. Google ilitoa sababu za usalama, na sababu hizo si za uongo: kiendelezi kinachoona kila unachofungua ni mgeni wa kuogopwa. Ila Firefox imekiacha kiendelezi hichohicho kifanye kazi. Na vidakuzi, vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari chako, vya kufuatilia watu kutoka tovuti hadi tovuti? Firefox ilianza kuvizuia bila kuombwa mwaka 2019, Safari ikavifungia kabisa mwaka 2020. Chrome iliahidi mwaka huohuo wa 2020, ikaahirisha, ikaahirisha tena, hadi Julai 2024 ikaiacha ahadi.

Msidhani nimekuja kuipigia debe Firefox. Watumiaji wake wamepungua hadi chini ya asilimia 5, na sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka Google, inayolipa ili utafutaji wake uwe chaguo la kwanza humo. Mpinzani analishwa na anayempinga! Apple nayo iko mezani hapohapo: nyaraka za mahakama nchini Marekani zilionyesha kwamba mwaka 2022 Google iliilipa dola bilioni 20 kwa ajili ya nafasi hiyo kwenye Safari. Safari haimalizi chaji ovyo na inalinda faragha vizuri, lakini ukiondoka kwenye vifaa vya Apple unaiacha mlangoni.

Naona mkono pale nyuma. Natumia kipi? Firefox kwa kazi za kila siku, na Chrome nimeiweka pembeni kwa ajili ya tovuti kama ile ya fomu, maana ujanja wangu haufui dafu kila mahali. Ndiyo, najua, kila nikiifungua naongeza mmoja kwenye hesabu yao, na mjenzi wa tovuti ataitazama hesabu hiyo aseme hakuna anayetumia kingine. Wale wa fomu niliwaandikia mara mbili. Barua ya kwanza hawakujibu. Ya pili walijibu kwa mstari mmoja: tafadhali tumia Chrome.